Chakula cha Mimea Hakikuja na Watalii

Mtu akitangaza Unguja kwamba hali nyama, samaki, mayai wala maziwa, hukumu yake hutolewa papo hapo. Ataambiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Ataambiwa aende kwenye mikahawa ya watalii ya Mji Mkongwe au maduka makubwa yenye majokofu, maana mtaani hakuna kitu chake. Ataambiwa kwamba akipika mwenyewe atashinda jikoni mchana kutwa, na akishapakua atakula kitu kisicho na ladha. Kauli hizo nne, kwamba chakula hicho ni cha kigeni, ni ghali, kina kazi na hakina utamu, hurudiwa na wenyeji, na waongoza watalii, na hata na watu wanaotaka kwa dhati kupunguza nyama. Zote nne haziko sawa, na pahala pa kuzipimia ni Mpendae, wala si Forodhani kwenye watalii.

Mpendae ni mtaa wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, mtaa wa watu wanaoamka mapema kwenda kazini, skuli na sokoni, na wanaotaka kunywa chai kabla ya kutoka. Mtalii hana shughuli nyingi huko, kwa hiyo kinachouzwa mezani nje ya nyumba na pembeni mwa karai hakikupikwa ili kumpendeza mgeni yeyote. Ni kitu gani hicho? Ni mandazi yaliyokandwa kwa tui na hiliki. Ni vitumbua vya mchele, mbaazi za nazi zinazotekwa kwa upawa, maharage, bajia za kunde na za dengu, kachori za mbatata, muhogo wa kukaanga na wa nazi. Mchana unafuata wali na mchicha, kisamvu au choroko. Jioni kuna urojo, muhogo wa kuchoma kwa pilipili, njugu na kashata. Mtu anaweza kula kutwa nzima, akashiba na kufurahi, bila kugusa kitu cha mnyama na bila kuwasha jiko lake.

Hicho ndicho chakula cha haraka cha Zanzibar. Kimepikwa tayari, kinafungwa karatasini au kutiwa bakulini, kinaliwa kwa kusimama au kubebwa nyumbani. Ajabu ni kwamba watu wanaokila kila siku ndio hao hao wanaosema hakipo.

Kauli ya kwanza ni ya ugeni. Ni kweli kwamba harakati ya kuacha kila kitu cha mnyama ilipata jumuiya yake Uingereza mwezi Novemba 1944, Donald Watson na wenzake walipounda Vegan Society. Lakini jumuiya ni kitu kimoja na sufuria ni kitu kingine. Mwaka 2016, jopo la watafiti lililoongozwa na Alison Crowther lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya mimea kutoka maeneo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska. Miongoni mwa mazao ya Asia waliyoyakuta, yaliyovuka bahari zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ni mchele na choroko. Mzanzibari yeyote anajua viwili hivyo vikikutana chunguni na tui la nazi vinakuwa nini: mseto. Muhogo, mahindi, njugu na pilipili vilifika baadaye kutoka bara la Amerika, vikakuta nazi inavisubiri.

Halafu ikaja mikono ya Kihindi. Katika karne ya 19 forodha ya Zanzibar iliendeshwa kwa miaka mingi na kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kutch. Wabhatia ni Wahindu ambao kwa mila na imani yao hawali nyama, na wao pamoja na jamii nyingine za Kihindi walileta unga wa dengu, chatne na mapishi ya kukaanga yaliyokwishakamilika bila nyama tangu kwao. Bajia na kachori zilipohama kutoka barazani kwa Wahindi hadi makarai ya Ng'ambo hazikuhitaji kutolewa chochote. Ndiyo maana urojo, chakula ambacho Zanzibar hujivunia kuliko vyote vya barabarani, kiini chake ni mimea: rojo la unga lililochachushwa kwa embe mbichi au ukwaju na kupakwa rangi na bizari ya manjano, mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, muhogo uliokaangwa mkavu, chatne ya nazi na pilipili. Mshikaki na yai ni nyongeza. Muuzaji huziweka kando na huuliza kabla ya kuzitia.

Anayedhani kula hivi ni ajabu la mbali na avuke tu hadi Ethiopia, katika Afrika Mashariki hii hii. Waumini wa Kanisa la Orthodox huacha nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima nzima. Kwa sababu hiyo mikahawa ya Addis Ababa hupakua injera yenye adesi, shiro na mboga kama jambo la kawaida la wiki, na hakuna anayemwita mlaji Mzungu. Mombasa na Lamu nazo huanza siku kwa mahamri na mbaazi, na jioni hula viazi karai vilivyovikwa uji wa unga na manjano.

Na kama ushahidi huo hautoshi, upo mwezi wa Ramadhani. Hakuna meza inayotayarishwa kwa heshima zaidi Unguja kuliko ya futari. Humo mna muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, majimbi, viazi vikuu, shelisheli, kunde, tambi na uji. Nyama na samaki huwapo, ndiyo, lakini mtu akiviondoa futari inabaki futari. Akiondoa shelisheli na muhogo akaacha nyama peke yake, wafungaji watauliza futari iko wapi.

Hapo ndipo inapoanguka pia ile dhana ya kwamba mboga na nafaka ni chakula cha shida, kinacholiwa mshahara ukikata au upepo wa kusi ukikaza na samaki wakaadimika sokoni. Watu wanaona haya kumwambia mgeni kwamba leo wamepika maharage. Haya hiyo ina gharama. Ndiyo inayomfanya mama wa nyumbani akope ili apate kitoweo cha nyama siku ya wageni, ilhali mbaazi zake za nazi ndizo wageni wangezisifia hadi mlangoni.

Kauli ya utamu inastahili kujibiwa jikoni. Wanaosema ladha hutoka kwenye nyama hawajatazama vizuri ladha ya Zanzibar inatoka wapi. Inatoka kwenye mafuta ya nazi yanayobeba harufu ya viungo, kwenye ukali wa ndimu na ukwaju, kwenye thomu na tangawizi zilizopondwa, kwenye mdalasini, karafuu, hiliki na pilipili manga. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa chumvi tupu haina jipya la kumwambia mtu. Ikitiwa viungo hivyo ndipo inaitwa tamu, na sifa anapewa ng'ombe.

Mbaazi za nazi ni ushahidi mzuri. Mbaazi kavu hurowekwa usiku, asubuhi maji yakamwagwa na zikachemshwa hadi zikapondeka kwa vidole. Nazi hukamuliwa mara mbili. Tui jepesi hutangulia, pamoja na kitunguu, bizari na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa, ili iache harufu bila kuchoma. Likishakauka nusu, ndipo kasimile, yaani tui zito, inapotiwa pamoja na chumvi, moto ukapunguzwa na sufuria ikakorogwa polepole ili tui lisikatike. Kinachotoka ni mchuzi mzito unaoshika kwenye andazi. Hakuna kilichopunguzwa humo ili kumridhisha asiyekula nyama. Mapishi yalikuwa hivyo tangu zamani.

Bajia za kunde nazo zina siri yake, na haina uhusiano wowote na yai. Kunde hurowekwa, zikasuguliwa mpaka maganda yakatoka, zikasagwa kwa maji machache sana pamoja na thomu, tangawizi, pilipili na kotmiri. Kisha unga ule mbichi hupigwa kwa mkono hadi ukajaa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayozifanya bajia ziwe nyepesi ndani na kavu nje. Anayeharakisha hatua ya kupiga hupata mawe, na anayetia yai kuficha uvivu huo hupata chapati nene.

Kwa nini basi imani ya kutokuwapo chakula inadumu? Kwa sababu watu wanatafuta kitu kingine. Wameona picha za mkate wenye pande la kuiga nyama, kama Beyond Burger iliyoingia madukani Marekani mwaka 2016, au jibini isiyo na maziwa, au maziwa ya lozi ndani ya boksi. Wanakwenda duka kubwa, wanakuta bidhaa mbili tatu zilizosafiri kwa meli na ndege, wanatazama bei, wanarudi wakisema maisha hayo ni ya matajiri. Hukumu yao ni ya haki kwa bidhaa ile. Haina haki kwa chakula kilichokuwa kinachemka nyuma ya nyumba yao walipotoka.

Kuna jambo moja hapa ambalo Mzanzibari anapaswa kulijua na kukasirika kidogo. Tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa biashara kimeenea katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani zikiwa mstari wa mbele, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Mwani huo hukaushwa na kusafirishwa nje, ambako hutolewa karajinani, kitu kinachotumika viwandani kufanya vinywaji na vyakula viwe vizito na visijitenge. Maziwa ya mimea ya boksi na jibini za mimea ni miongoni mwa bidhaa zinazokitumia. Mwanamke anayeinama kwenye maji ya kupwa huuza mwani mkavu kwa bei ya chini kabisa ya mnyororo huo, kisha kisiwa chake kinaambiwa kwamba chakula cha mimea ni uvumbuzi wa ng'ambo unaopaswa kununuliwa kwa fedha za kigeni. Tui la nazi iliyokunwa asubuhi hii halihitaji karajinani wala boksi.

Kuhusu bei, hesabu ni nyepesi. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe hununua kilo kadhaa za maharage, na kilo moja kavu ya maharage ikirowekwa na kupikwa hujaza chungu kuliko kilo ile ya nyama. Nazi nayo ina bei, na imekuwa ikipanda, lakini nazi hiyo ingenunuliwa hata kama chungu kingekuwa cha samaki. Umoja wa Mataifa uliutangaza 2016 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kunde, yaani jamii nzima ya maharage, mbaazi, choroko na dengu, kwa sababu hizi hizi: ni protini nafuu, inakaa muda mrefu bila jokofu, na mimea yake hurutubisha ardhi kwa kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Katika mtaa ambako umeme hukatika na samaki wa jana hawezi kungoja, chakula kinachodumu miezi ndani ya gunia si jambo la kudharauliwa.

Kauli ya kazi ina ukweli kidogo ndani yake, na ni haki kuukubali. Maharage makavu huchukua muda. Kukuna nazi kwa mbuzi na kuikamua ni kazi ya mikono, na kwa desturi mikono hiyo imekuwa ya wanawake. Lakini nyama ngumu ya ng'ombe nayo hukaa motoni muda huo huo, na hakuna anayesema nyama ina kazi. Tena njia za kupunguza kazi zimekwishajaa mtaani. Zipo mashine za kukunia nazi. Lipo tui la pakti. Wapo akina mama wanaouza maharage na mbaazi zilizokwishachemshwa, na wanaouza manda za sambusa zilizokatwa tayari, ambazo hujazwa mbatata, karoti na njegere zikakaa kwenye barafu mpaka siku ya kukaangwa. Mwenye jokofu anaweza kuchemsha maharage mara moja kwa wiki na kuyagawa katika vikopo. Asiye na jokofu ana choroko, zisizohitaji kurowekwa, na mseto wake huwa tayari katika muda ambao jirani bado yuko kwenye foleni ya buchani.

Anayefika nyumbani usiku akiwa hoi hana haja ya chochote kati ya hivyo. Kwa jioni kama hiyo kuna boflo na mchuzi wa mbatata, au muhogo uliobaki mchana ukapashwa kwenye kikaango na kitunguu na tungule, au wali wa jana ukakaangwa na kabichi na bizari. Chakula hicho huchukua dakika chache kuliko kusubiri chipsi mayai kibandani.

Hoja ya dini huletwa kwa sauti ya juu kuliko zote, na inahitaji jibu la upole. Husemwa kwamba Mwenyezi Mungu amehalalisha nyama, kwa hiyo anayeiacha anaharamisha cha halali. Kuacha si kuharamisha. Wanafunzi wa hadithi wanakijua kisa cha kenge wa jangwani aliyeletwa mezani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Hakumla, akaeleza kwamba si mnyama wa nchi ya watu wake, na Khalid bin Walid akamla mbele yake bila kukatazwa. Bibi Aisha naye amesimulia jinsi miezi ilivyopita nyumbani kwa Mtume bila moto kuwashwa, wakiishi kwa tende na maji. Muislamu wa Mpendae anayekula mbaazi wiki nzima kwa ajili ya afya yake, mfuko wake au huruma yake kwa wanyama hajatoa fatwa yoyote. Amechagua katika halali nyingi alizopewa.

Hoja ya afya ni nzito zaidi, na watetezi wa chakula cha mimea wanakosea wanapoipuuza. Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa namna ya kutegemewa. Anayeacha kabisa vitu vya mnyama lazima aitafute katika vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wanahitaji kumwona mtoa huduma za afya kabla ya kubadili chakula. Hilo lisemwe bila kumung'unya maneno. Madini ya chuma yanayotoka kwenye maharage na mchicha hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza shida hiyo, ilhali ndimu huipunguza. Kwa hiyo wanaokunywa chai ya rangi na mbaazi wangefanya vyema kuisogeza chai saa moja mbele na kukamulia ndimu kwenye bakuli. Protini si tatizo kwa mlaji wa wali na maharage: amino asidi iliyo chache kwenye mchele imo kwa wingi kwenye maharage, na iliyo chache kwenye maharage imo kwenye mchele.

Ni haki pia kukiri kwamba kutokuwa na nyama hakukifanyi chakula kuwa dawa. Bajia zilizokaangwa katika mafuta yaliyotumika tangu juzi zinadhuru sawa na kuku aliyekaangwa humo. Mandazi na kashata kila siku ni sukari na mafuta kila siku. Lakini mizani ni lazima iwe na pande mbili. Kinachoyasukuma mandazi na mbaazi pembeni siku hizi si saladi. Ni soseji na chipsi mayai. Na nyama za kusindikwa, soseji zikiwamo, ziliwekwa mwaka 2015 na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kijana anayetoka kwenye bakuli la mbaazi kwenda kwenye soseji akidhani ameendelea, amedanganywa.

Kilicho kigumu kweli kwa asiyekula vitu vya mnyama Unguja ni kimoja tu, nacho ni kujua kilichojificha. Mkate wa kumimina kwa kawaida hutiwa ute wa yai. Mandazi ya nyumba moja yana tui na ya nyumba ya pili yana maziwa. Chapati inaweza kupakwa samli badala ya mafuta. Halua hupikwa kwa samli. Mchicha unaweza kuwa na dagaa, na wali mweupe unaweza kuwa umetiwa kipande cha viungo vya supu ya kuku. Dawa yake ni swali fupi: "Shikamoo bibi, andazi hili lina yai au maziwa?" Bibi aliyekanda unga mwenyewe alfajiri atajibu bila kukisia, "Marahaba mwanangu, hili la tui tu." Mfungaji wa bidhaa za kiwandani hawezi kujibu hivyo kwa sababu hayupo.

Kisiwa kilichopokea zaidi ya wageni 700,000 mwaka 2024 kina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mgeni asiyekula vitu vya mnyama hufika hotelini akapewa saladi ya matango na tambi zenye mchuzi wa tungule kwa siku saba, kisha anaondoka akiamini kwamba Zanzibar haina chakula chake. Mpishi wa hoteli hiyo, akitoka zamu, anakwenda nyumbani kula muhogo wa nazi. Anajua kuupika kuliko anavyojua kupika tambi. Aliyemzuia ni yule aliyeandika orodha ya vyakula akiamini kwamba cha nyumbani hakifai kuletwa mezani.

Kwa hiyo hoteli zianze kuweka mseto, kisamvu cha nazi, shelisheli na mbaazi kwenye orodha zao, kwa majina yake na kwa bei ya heshima, na zinunue bajia na vitumbua kwa akina mama wa Mpendae, Jang'ombe na Magomeni badala ya kuagiza makopo. Vyuo vinavyofundisha mapishi ya hoteli vimfanye mwanafunzi ajibu mbele ya mwalimu ni chakula gani cha Kizanzibari kina yai, kipi kina samli na kipi hakina vyote viwili. Muuzaji wa urojo aendelee kuuliza kabla ya kutia mshikaki, na muuzaji wa mandazi abandike karatasi mezani yenye maneno mawili: tui tu. Wateja wapya watamfuata kwa karatasi hiyo, na wa zamani watakuwa wamekwishashika foleni.